Nani Anakaa Kwenye Gari Letu Usiku?

*Betri inakufa, vituo vya redio vinafutika, na ndani ya nyumba hakuna anayemwamini mwenzake. Kabla hujafungua kesi ya mapenzi, fungua dashibodi.*

Naomba nikiri jambo. Kwa miezi miwili ya mwaka 2021 niliamini kabisa kwamba mume wangu ana mwanamke mwingine, na shahidi wangu mkuu alikuwa redio ya gari.

Usicheke kwanza. Hebu jiweke kwenye nafasi yangu. Unapanga vituo vyako vya redio, kimoja cha taarifa ya habari, kimoja cha bolingo, unazima gari, unaingia ndani kulala. Asubuhi unawasha, vituo vyote vimefutika na saa inaanza kuhesabu upya kama ndiyo kwanza imezaliwa. Keshokutwa yake gari haliwaki kabisa, betri imekufa. Na usiku ukigeuka kitandani, mwenzako hayupo. Ukimuuliza anasema, "Nilikwenda kuangalia geti." Geti lenyewe la bati, halina hata kufuli la maana!

Ungefikiria nini, mwenzangu? Mimi nilijumlisha moja na moja. Kuna mtu anakaa kwenye gari letu usiku, anachezea vituo vyangu, na mume wangu anamjua.

Yeye naye alikuwa na kesi yake juu yangu. Kwa hesabu zake, muuaji wa betri ni mimi: naacha taa ya ndani inawaka, sifungi mlango vizuri, nimezoea bajaji ndiyo maana sijui kutunza gari. Alikuwa hasemi moja kwa moja. Alikuwa anatoka asubuhi, anazunguka gari, anafungua mlango na kuufunga tena kwa nguvu, paa! Halafu ananiangalia.

Mke mwenza wa Kijapani

Tunaishi Gungu, hapa Kigoma. Nyumba ina vyumba vitatu na ndani tuko watu sita: sisi wawili, mama mkwe, wadogo zake wawili wanaosoma, na binti wa kazi. Naipenda familia yangu, lakini wewe unayeishi hivyo unajua, mke na mume hawana mahali pa kuongea. Ukinong'ona chumbani, sebuleni wanapunguza sauti ya televisheni.

Kwa hiyo tulipojibana na kununua Toyota ndogo, mtumba wa Japani, mimi sikuona usafiri tu. Niliona chumba cha nne. Ijumaa jioni tungetoka wawili, tungeshuka mpaka Jakobsen kuangalia jua linavyozama upande wa Kongo, tungepitia Kibirizi kununua migebuka, tungeongea mambo yetu bila kunong'ona.

Siku ya kwanza tulipowasha gari, sauti ya mwanamke ikatoka kwenye dashibodi, laini, yenye adabu, ikisema maneno marefu ya Kijapani. Mume wangu akacheka mpaka akalalia usukani. "Msalimie mke mwenzio," akaniambia. Baadaye tukaelezwa kwamba ni kile kifaa cha kulipia barabara kuu za Japani, dada wa watu anakumbusha tu kwamba kadi haijachomekwa. Lakini jina likabaki. Kila asubuhi: "Mke mwenzio kaamka."

Tatizo lilikuwa redio. Redio za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hushika FM kuanzia 76 hadi 90, na za miaka ya karibuni zimesogezwa hadi 95. FM ya kwetu inakwenda mpaka 108. Ukipandisha masafa, unafika mwisho wa redio wakati vituo vingi vya nyumbani ndiyo kwanza vinaanza. Ipo dawa ya bei ndogo, kidude kinachochomekwa kwenye waya wa antena na kushusha masafa, lakini mume wangu alitaka muziki wa kueleweka. Tukanunua redio mpya yenye Bluetooth na USB, na amplifaya ya kukaa chini ya kiti.

Sasa sikia kosa letu la kwanza, na hili ni letu wenyewe, si la fundi. Tulimpelekea gari fundi wa mtaani Jumamosi saa kumi jioni, tukamwambia kesho alfajiri tunakwenda harusini Kasulu. Tulimsimamia kichwani. Kila baada ya dakika kumi: "Bado?" Masikini ya Mungu, akakata soketi za gari kwa kisu, akasokota nyaya kwa vidole, akafunga tepu nyeusi, na saa tatu usiku akamalizia kwa tochi ya simu. Muziki ukapiga. Tukalipa, tukashukuru, tukaondoka. Harusini kila mtu alitusifia.

Wiki ya pili ndipo mambo yalipoanza.

Usiku wa Ujiji

Nitakupeleka moja kwa moja kwenye usiku wenyewe. Saa nane, simu inaita. Ni mdogo wangu, anapiga kutoka Ujiji kwa mama. "Dada, mama kabanwa na pumzi, njooni na gari."

Tukatoka mbio, mimi na khanga, yeye na kaptula. Akazungusha ufunguo. Tik-tik-tik-tik. Taa za dashibodi zikafifia, zikazima. Akajaribu tena, hata ile tik hakuna. Na gari letu ni la gia za otomatiki, hata ukiita mtaa mzima wasukume haliwaki.

Pale uani, usiku ule, maneno yote ya miezi miwili yakatoka.

"Umeacha taa tena!"

"Muulize huyo unayekaa naye humo ndani!"

Kimya. Dirisha la mama mkwe likafunguka kidogo, likafungwa. Mume wangu alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Sikusubiri jibu. Nikapanda bodaboda, nikaenda Ujiji peke yangu.

Mama alipelekwa hospitali kwa gari la jirani, akapata nafuu, alfajiri alikuwa anakunywa chai na kulalamika kwamba haina sukari. Namshukuru Mungu. Lakini nilikaa kwenye benchi lile nikijiuliza, je, jirani angekuwa amesafiri? Na nikirudi nyumbani, narudi kwa nani?

"Waya unapimika"

Asubuhi nilikuta mume wangu ameshaita mtu. Rafiki yake mmoja, fundi wa sola, ambaye kazi yake ni taa za wavuvi wa dagaa pale Kibirizi. Alikuwa ameinamia injini na kipimo chake, hicho ambacho mafundi wanakiita testa au mita: kidude cha mkononi chenye waya mwekundu na mweusi, kinasoma volti, ampia na omu.

Betri ilisoma volti 11.4. Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kusoma saa. Betri ya gari iliyojaa, ikiwa imepumzika, inasoma karibu 12.6. Ikifika 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 12 ni njaa tupu, na kuiacha hivyo mara kwa mara kunaiua kabisa.

Nikamuuliza swali nililokuwa nalo rohoni, ila nililivalisha nguo. "Mtu akikaa kwenye gari usiku anasikiliza redio, betri inaweza kufa?"

Akanitazama. Nadhani mtaa mzima ulikuwa umeshasikia. "Shemeji," akasema, "gari likilala na betri likaamka halina, kuna kitu kinakula usiku. Anaweza kuwa mtu, unaweza kuwa waya. Mtu akikataa huna la kumfanya. Waya unapimika. Anzeni na waya."

Akaondoka na betri kwenda kuichaji, akatuachia kipimo na karatasi aliyoandika hatua. Mimi ni mhasibu. Hela ikipotea ofisini hatuanzi kwa kushikana mashati, tunaanza na vitabu, ukurasa kwa ukurasa. Nikajiona mjinga. Kwa nini nyumbani nilianza na shati?

Jumapili ya vipimo

Jumapili, watu wa nyumbani walipokwenda kanisani, tulibaki wawili. Tukawekeana sharti: leo tunaongea tarakimu tu. Yeye anashika kipimo, mimi nashika kalamu.

Kwanza, betri iliyotoka kuchajiwa: 12.6. Nzima. Pili, tukawasha injini na kupima tena: 14.1. Hapo unapima alternata, ile mashine inayorudisha umeme kwenye betri gari linapotembea. Ikisoma kati ya 13.8 na 14.4 hivi, kwa kawaida inachaji vizuri. Kumbe betri haikuwa mbovu na alternata haikuwa mbovu. Wangapi wamenunua betri mpya mara mbili kwa kuruka hatua hizi mbili za dakika tano!

Tatu ndiyo kipimo cha mwizi. Unazima kila kitu, unatoa ufunguo, unafungua kichwa cha hasi cha betri, halafu unaweka kipimo katikati, kati ya kichwa cha waya na betri, kikiwa kwenye ampia 10, ili umeme wote unaotoka upite ndani ya kipimo. Milango yote ifungwe. Na usithubutu kuwasha gari kipimo kikiwa pale, utaunguza fyuzi yake au kipimo chenyewe. Halafu unasubiri dakika 20 hadi 30, maana magari haya yana vidude vinavyochelewa kulala.

Nusu saa! Tukakaa kwenye mkeka chini ya mwembe. Sharti letu la tarakimu likatushinda, maana hapakuwa na tarakimu ya kusoma.

"Ni kweli huwa nakaa mle ndani," akasema ghafla. Hakuniangalia. "Nakaa peke yangu. Wala siwashi redio."

Nikanyamaza.

"Mama akishaanza habari za mtoto pale mezani, silali. Natoka nakaa kwenye gari mpaka nipoe."

Tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa bila mtoto. Kila chakula cha usiku mama mkwe alikuwa na hadithi ya mtu fulani aliyejifungua mapacha. Mimi nilidhani maneno yale yananichoma mimi tu, kwa sababu yananielekea mimi. Nilidhani yeye anakula ugali wake yamekwisha. Kumbe mwenzangu alikuwa anatoka usiku kwenda kukaa gizani, anaogopa kuniambia asinichome zaidi, nami kitandani namhesabia dakika.

Sikumwambia neno la maana. Nilimshika mkono tu, ambao ulinuka betri. Halafu tukainuka kwenda kusoma kipimo.

Ampia 1.8.

Gari lililolala halitakiwi kula zaidi ya ampia 0.05 hivi, yaani za kulinda saa na kumbukumbu tu. Letu lilikuwa linakula mara 36 ya kiwango hicho. Nikapiga hesabu pale pale. Kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa 11. Ampia 1.8 mara saa 11 ni karibu ampia-saa 20. Betri yetu imeandikwa 35. Zaidi ya nusu ya betri inaliwa kila usiku, na hakuna mtu ndani!

Tukaanza kuchomoa fyuzi moja moja kwenye kisanduku chake, tukiangalia kipimo kila mara. Kanuni ni rahisi: ukichomoa fyuzi na namba ikashuka ghafla, mwizi yuko kwenye njia ile. Tukachomoa ya taa, haikushuka. Ya honi, haikushuka. Ya redio, ambayo sote tulikuwa tumeiapia, namba haikutikisika. Tulimaliza kisanduku chote cha ndani na cha kwenye injini. Bado 1.8.

Hapo wengi wanakata tamaa na kusema gari lina jini. Mume wangu akakuna kichwa, kisha akasema, "Ngoja. Yule fundi alipitisha waya mnene kutoka kwenye betri yenyewe."

Kweli. Amplifaya haipati umeme kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi. Ina njia yake binafsi, waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye chanya ya betri, na ulinzi wake ni fyuzi inayokaa kwenye waya ule ule. Tukaufuata waya. Kikopo cha fyuzi tukakipata. Tukakifungua. Ndani hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na nyuzi za shaba zimesokotwa.

Mume wangu akakaa chini. Anafundisha fizikia sekondari, hakuhitaji kuelezwa. Fyuzi kazi yake ni kukatika kabla waya haujaungua. Waya ule ulipita chini ya zulia la gari mpaka chini ya kiti. Ungechubuka popote ukagusa bodi, umeme wote wa betri ungepita bila kizuizi, na zulia lingeshika moto. Miezi miwili tulikuwa tunabeba watoto wa watu kwenda shule juu ya waya ule.

Tukaufungua waya mnene kwenye betri. Kipimo kikaanguka: 0.03. Mwizi kapatikana.

Urefu wa kidole

Nikaingiza mkono chini ya kiti cha mbele. Nilidhani nitagusa bati la baridi, maana gari halijatembea asubuhi yote zaidi ya ile kuwasha ya kupima. Amplifaya ilikuwa na uvuguvugu, kama chungu kilichoepuliwa muda kidogo. Ilikuwa haijalala tangu siku ya harusi ya Kasulu, labda pale betri ilipozimia.

Tukaivuta nje. Amplifaya ina vishikio vitatu vya umeme. Kimoja ni cha chanya kutoka kwenye betri. Kingine ni cha hasi, kinachokwenda kwenye bodi. Cha tatu kimeandikwa REM, na hiki ndicho kengele ya kuiamsha: redio ikiwaka inatuma umeme mdogo kupitia waya wa bluu wenye mstari mweupe, amplifaya inaamka. Redio ikizima, umeme unakatika, amplifaya inalala.

Kwetu waya wa bluu ulikuwa umekunjwa nyuma ya redio, umefungwa tepu, haujaunganishwa popote. Badala yake, kati ya kishikio cha chanya na kile cha REM palikuwa na kipande cha waya kisichozidi urefu wa kidole. Fundi wetu, kwa haraka tuliyompa, hakutaka kufungua zulia kupitisha waya mmoja zaidi. Akaifunga kengele ilie milele. Muziki unapiga, mteja anafurahi, na redio ikizimwa huoni taa yoyote inayowaka, kwa sababu amplifaya imefichwa.

Mume wangu alikishika kile kipande juu, kwenye jua. "Huyu ndiye mwanamke wangu," akasema.

Nilicheka nikalia. Vyote kwa pamoja.

Na vituo vilivyofutika?

Hilo nalo lilikuwa na majibu yake. Redio mpya ina nyaya mbili za umeme. Wa njano unatakiwa kuwa na umeme saa zote, ndio unaotunza saa na vituo. Mwekundu unatakiwa kupata umeme ufunguo ukiwa umezungushwa tu. Ukizibadilishana, redio inaimba vizuri kabisa, ila kila ukizima gari inasahau kila kitu.

Fundi alikosea kwa sababu alipima ufunguo ukiwa umewashwa. Wakati huo nyaya zote mbili za gari zina volti 12, zinafanana kama mapacha. Kipimo cha kweli ni kutoa ufunguo: ule unaobaki na umeme ndio wa njano unaoutafuta, ule unaokufa ni wa mwekundu. Tulizirudisha mahali pake. Kesho yake vituo vyangu vilikuwepo, vyote.

Kulikuwa pia na kile kilio chembamba kwenye spika, kama mbu, kinachopanda ukikanyaga mafuta. Mara nyingi chanzo ni hasi mbovu. Ya kwetu ilikuwa imefungwa kwenye nati ya kiti, juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Tukakwangua mpaka chuma kikang'aa, tukakaza upya. Mbu akafa.

Yule fundi tulimrudia, kwa heshima, tukamwonyesha kile kipande cha waya. Hakubisha. Akaomba radhi, akatupa fyuzi na kikopo kipya bure. Mume wangu akamwambia, "Na sisi tulikuharakisha, ndugu yangu." Ilikuwa kweli, na ilimgharimu kidogo tu kuisema.

Chumba cha nne

Usinielewe vibaya. Si kila betri inayokufa ni waya, na si kila anayetoka usiku anakwenda kupunga hewa. Wapo waliopima wakakuta mtu kweli. Ninachosema ni kwamba mimi nilikuwa na dalili tatu, nikazishonea hadithi moja, na hadithi ile ilikuwa tamu kwa uchungu wake kiasi kwamba sikutaka kuipima. Dalili mbili zilikuwa za waya. Ya tatu ilikuwa ya kweli, mume wangu alikuwa anakaa kwenye gari, na nilikuwa na haki ya kuuliza. Ila niliuliza kama hakimu, ndiyo maana nilijibiwa habari za geti.

Wiki ile mume wangu aliongea na mama yake, mlango umefungwa, mimi sikuwepo. Sijui alimwambia nini. Habari za mapacha zilipungua mezani. Tulikwenda hospitali kupima sote wawili, si mimi peke yangu kama ilivyokuwa inapendekezwa. Majibu yake ni yetu, hayahusu gazeti.

Siku hizi, usiku mmoja mmoja, nikigeuka kitandani na kukuta hayupo, najitanda khanga natoka. Nafungua mlango wa upande wa pili, nakaa. Anawasha redio kwa sauti ndogo. Vituo viko pale pale nilipoviacha.

KATA UKURASA HUU, UWEKE KWENYE GARI

*Rangi za nyaya za redio mpya (redio nyingi za dukani hufuata mpangilio huu):*

• Njano: umeme wa saa zote.
• Nyekundu: umeme wa ufunguo.
• Nyeusi: hasi, inakwenda kwenye bodi.
• Rangi ya chungwa: mwanga wa vitufe taa zikiwashwa.
• Bluu tupu: antena ya umeme.
• Bluu yenye mstari mweupe: kuamsha amplifaya.
• Nyeupe: spika ya mbele kushoto. Kijivu: mbele kulia. Kijani: nyuma kushoto. Zambarau: nyuma kulia. Kila moja ina pacha wake mwenye mstari mweusi, huyo ndiye hasi.

*Rangi za Toyota nyingi, ndani ya dashibodi:*

• Bluu yenye mstari wa njano: umeme wa saa zote.
• Kijivu: umeme wa ufunguo.
• Kahawia: hasi.
• Kijani: mwanga wa vitufe.
• Nyekundu na nyeupe: spika ya nyuma kulia. Nyeusi na njano: spika ya nyuma kushoto!

Umeona mtego? Ukiunganisha nyekundu kwa nyekundu na njano kwa njano, umepeleka nyaya za umeme kwenye spika. Usiunge kwa kufananisha rangi. Pima.

*Mambo matano ya kushika:*

1. Fungua hasi ya betri kabla ya kugusa waya wowote.
2. Kataa kukatiwa soketi za gari. Zipo soketi za kuunganishia redio mpya bila kukata kitu, ziulizie dukani.
3. Nyaya za spika zisiguse bodi. Kujua spika ni ipi, chomoa redio, gusisha betri ndogo ya tochi ya volti 1.5 kwenye nyaya zake mbili kwa sekunde moja. Itakohoa.
4. Fyuzi ya amplifaya ikae karibu na betri, na iwe fyuzi kweli. Ikikatika, tafuta kwa nini imekatika, usiweke kubwa zaidi.
5. Soketi na nyaya zenye gamba la njano karibu na usukani ni za mifuko ya hewa. Usiziguse kabisa, mwachie anayezijua.